Kurasa Tatu za Mchana

Jambo la mwisho la kawaida kati yetu lilihusu kitabu cha watoto. Ilikuwa Jumamosi saa nane mchana, nyumbani kwetu Shinyanga mjini. Mke wangu alikuwa amejilaza kwenye mkeka barazani, mjukuu wetu Milembe amemwegemea. Alininyooshea kitabu.

"Baba Kabula, tumalizie. Zimebaki kurasa tatu na macho yangu yamechoka."

"Jioni," nikasema.

Akacheka. "Msukuma wewe! Hapa mjini una ng'ombe gani wa kupotea?"

Aliijua sababu. Nilipokuwa mtoto kule Samuye, hadithi hazikusimuliwa jua likiwa juu. Bibi, mama yake baba, alituonya kwamba anayesimulia mchana hupoteza ng'ombe. Hakueleza zaidi, nasi hatukuuliza.

Kisha mwalimu akaniazima kitabu, cha kwanza kisicho cha masomo kuingia nyumbani kwetu. Kilihusu kuku aliyepelekwa mnadani akakataa kuuzwa. Kila mnunuzi alipomshika, alilegeza shingo akajifanya mgonjwa. Nilikwenda nacho machungani pamoja na binamu yangu Masanja.

"Bibi amekataza," Masanja alisema.

"Amekataza kusimulia. Mimi nasoma."

"Haya, soma. Ukiulizwa, mimi nilikuwa nimelala."

Tulikaa juu ya kichuguu nikasoma kwa sauti, Masanja akacheka mpaka akashika tumbo. Tulipoinua macho, mtamba mwekundu wa baba hakuwepo. Tulimtafuta hadi miguu ikawaka moto. Hakuonekana siku ile wala siku nyingine. Bibi hakunichapa. Alikichukua kitabu akakifukia ndani ya kihenge, chini ya mtama, na tulipokitoa miezi mingi baadaye mchwa walikuwa wameacha jalada tu. Nilikuwa sijafika mwisho.

Nimesoma mpaka chuo kikuu. Najua kwamba watoto wawili walioinamia kitabu hawaoni ng'ombe, na huenda bibi naye alijua hivyo hivyo. Hata hivyo, miaka yote ya ndoa yetu sikusoma hadithi mchana. Magazeti, sawa. Hadithi, hapana.

Kwa kuwa ni mwalimu, wazazi huniuliza watoto wao wasome nini. Sina orodha ndefu. Nawaambia watafute kitabu chenye vitu ambavyo mtoto amewahi kuvishika kwa mkono wake, kama kamba ya katani mguuni mwa kuku, na ambacho mtu mzima hatachoka kukirudia. Ninaposema hivyo namfikiria kuku yule. Mke wangu naye alimjua, maana nilimchosha naye. Mwezi ule alipokwenda kwao Masumbwe kusalimia ndugu, alikikuta kitabu kile kile sokoni, kwenye rundo la vitabu vilivyotumika, akarudi amekificha ndani ya kanga. Kwa wiki nzima alitusomea jioni, mimi na Milembe, na kila kuku alipojifanya mgonjwa, alilegeza shingo yake. Sikuchungulia kurasa za mbele. Nilitaka mwisho niusikie kwa sauti yake.

Jumamosi ile, saa kumi, alianza kushindwa kupumua. Tulifika naye hospitali akiwa hai. Jua lilipozama alikuwa amekwisha fariki.

Bibi alinionya juu ya kupoteza kwa kusoma mapema. Juu ya kusubiri hakusema kitu, na sioni sababu ya kumlaumu. Ng'ombe aliwajua. Mke wangu hakumjua.

Asubuhi iliyofuata majirani walikuwa wakipanga viti uani, wanawake wakiwasha moto kwenye mafiga. Nikamkalisha Milembe barazani, nikafungua kitabu. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, akaja taratibu.

"Baba Kabula, wazee wanakuulizia."

"Waambie zimebaki kurasa tatu."

Akarudi uani kuwaambia.

Milembe akatazama angani. "Babu, jua limetoka."

"Naliona."

Nikasoma kwa sauti. Waliokuwa uani wakaacha viti, wakasogea mmoja mmoja. Mnunuzi wa mwisho akamwinua kuku kwa mabawa.

"Shingo, Babu," Milembe akanikumbusha.

Nikailegeza shingo, kama alivyofanya bibi yake, nikaendelea mpaka pale mtoto anapomfungua kuku kamba, na kuku, badala ya kukimbia, anatangulia njia ya kurudi nyumbani.