Maharage Yaliyorudi Jikoni

Dereva wa lori la mahindi ametuletea habari kutoka Makambako: aliyekuwa mpishi wetu amefariki, na wamekwisha kumzika. Nyinyi wanafunzi mnaosukumana mbele ya ubao huu wa shule kila Jumamosi mmezoea niwachekeshe kwa maandishi yangu. Leo nina aibu.

Mzee yule alijifunza upishi kwa Mzungu mmoja, na alipoacha kazi kwake alikuja hapa na vijiti vya rozmari, akavipanda nyuma ya jiko letu. Ni kile kichaka kilichokuwa pale, cha majani kama sindano, chenye harufu kali kama msonobari. Baridi ya Juni ilipogandisha umande, aliwafunika blanketi wenye mafua juu ya sufuria ya majani hayo. “Vuta kwa pua,” aliniambia, “mdomo wako upumzike, umefanya kazi nyingi.” Maji yake tulisuuzia vichwa vyenye mba, chai yake nyepesi ilituliza matumbo baada ya nyama ya sikukuu. Hakujigamba: “Hii hufungua pua tu. Kifua kikibana, nenda zahanati.” Majani machache aliyatia kwenye maharage, yakanukia hadi bwenini.

Walipofika wanafunzi wapya wa darasa la tano kutoka Makete na Ludewa, niliwanong'oneza mezani: “Majani hayo Wazungu huyatupia maiti kaburini. Mzee anatuzoesha mapema.” Nusu niliisikia mahali, nusu niliitunga. Mmoja akaweka kijiko chini. “Mama kanikataza vitu vya msibani,” akasema. Siku ya tatu sahani za meza nzima zilirudi jikoni zimejaa. Kwetu huku, kurudisha chakula bila neno ni kumwambia aliyepika kwamba unauogopa mkono wake. Mzee hakumuuliza mtu. Aling'oa kile kichaka kwa jembe ili aende nacho, akaaga, akaenda kupika katika hoteli ndogo Makambako.

Likizo iliyofuata nilishuka pale na mafua yangu. “Kamwene, baba.” “Kamwene, mwanangu! Hiyo pua au mfereji?” Akanichemshia majani, akanifunika. Nikiwa gizani ndani ya blanketi, akauliza, “Wewe mwenye maneno mengi, hebu niambie. Nilikosea nini kwenye yale maharage? Chumvi?” Uso wangu haukuonekana, nafasi rahisi kuliko hiyo ya kukiri sitaipata tena. Nikajibu, “Labda chumvi, baba.” Akaguna. “Basi uzee umeniharibu ulimi.” Dereva anasema hadi siku za mwisho mzee alikuwa akimwita mtu amwonjee kila chungu kabla ya kupakua.

Hapa tunaitwa wasomi, na tunapenda kuitwa hivyo. Wale wadogo waliniamini kwa sababu hiyo tu: nilikuwa darasa la nane, la juu kabisa hapa, nina kitabu kwapani. Naye mzee akaniamini. Basi someni vizuri, na anayejua kusoma amsomee mwenzake: mzee hakukosea kitu, uongo ule ni wangu. Kicheko nilikitafuta mbele ya watu wote. Msamaha nilingoja niuombe kwa siri, mpaka mwenye kuutoa akaondoka.