Papa Alipoanza Kuandika Kasiksi

Jumapili moja baada ya misa nilipanda hadi Bagira, juu ya mji wetu wa Bukavu, kumsalimia Papa, nikamkuta amekaa mezani na kalenda ya parokia mbele yake, miwani puani, biki mkononi, akihesabu siku kwa kurudi nyuma. Midomo yake ilikuwa inacheza kama ya mtu anayesali rozari. Nilimuuliza anafanya nini, akanijibu bila kuinua kichwa.

“Minapanga kasiksi.”

Kasiksi ni pombe yetu ya ndizi, na Papa ameitengeneza tangu kabla sijazaliwa, kwa ndizi za nyuma ya nyumba na zile zinazoshushwa kwenye mashua kutoka kisiwa cha Idjwi. Kazi iliyomlisha ilikuwa ufundi wa mabomba, lakini mtaani hakuna anayemjua kwa mabomba. Ukiuliza njia ya kwake utaambiwa pita kanisa, shuka, utamkuta mzee wa kasiksi.

Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akiandika neno hata moja juu yake. Mimi ni mwalimu wa kemia, na ugonjwa wa walimu ni kutaka kila kitu kiwe kwenye daftari. Nilipoanza kazi nilimwendea na kalamu, nikitaka kujua ndizi zinakaa shimoni siku ngapi, mtama unatiwa kiasi gani, joto liwe vipi. Alinicheka mpaka akafuta machozi. Alisema ndizi hazikusoma, hazijui leo ni Jumanne. Siku ya kufungua shimo ilikuwa siku ile ambayo pua yake inasema lifunguliwe, basi, na pua hiyo haikuwahi kumwangusha.

Kwa hiyo siku ile nilifurahi kweli. Nilijisemea kumbe mzee ameanza kunielewa, elimu yangu imepata mwanafunzi mmoja nyumbani kwetu. Nikavuta kiti, nikajiweka karibu naye kwa majivuno yote.

Alikuwa na kasiksi tatu za kupanga, za kwanza tangu msiba wa mama yetu. Ya kwanza ilikuwa ya dote, yaani mahari, ya mdogo wetu wa mwisho, Jumamosi ya mwisho wa Novemba, siku ambayo familia ya kijana ingekuja kutoa mali na kula nasi. Ya pili ilikuwa ndogo, ya Noeli. Ya tatu ilikuwa ya Januari, ya kutoa matanga ya mama yetu, ambaye siku hiyo angekuwa ametimiza mwaka tangu atuache. Tarehe hiyo Papa alikuwa ameizungushia duara mara mbili, mpaka karatasi ikataka kutoboka.

“Ile ya mama yenu, mi mwenyewe,” alisema. “Hakuna mutu ataniletea chupa.”

Nilijua anamjibu nani. Katika kikao cha familia, mdogo wake, yaani baba yetu mdogo, alikuwa amependekeza kwamba kwa matanga tununue bia ya chupa, kaziye kadhaa, yaani makreti, na mzee apumzike. Aliyasema kwa upendo, ila Papa aliyasikia kama mtu anayevuliwa koti hadharani. Alisimama akatoa neno lake mbele ya wote: kasiksi ya dote ikitoka vizuri, asisikie tena habari ya chupa. Ikitoka vibaya, yeye mwenyewe ataacha, na ya mama itanunuliwa. Kikao kikaishia hapo, maana Papa akitoa neno hatafuti njia ya pembeni.

Basi tukapanga. Dote ni Jumamosi. Kasiksi ilale siku mbili kwenye mtumbwi wa kuchachushia, kwa hiyo ndizi zikamuliwe Alhamisi. Ili zikamuliwe Alhamisi, shimo lifungwe Jumamosi ya kabla, lifunguliwe siku ya sita. Aliandika yote kwa herufi kubwa, akanisomea mara mbili. Nilimsifu, akakubali sifa bila kutabasamu.

Shimo tulilifunga siku ile ile aliyoandika. Alitandika majani makavu ya mgomba, akawasha moto mdogo ndani kupasha udongo, akapanga ndizi mbichi, akafunika kwa majani mabichi na udongo juu. Mikono yake bado ilikuwa ya fundi, haikupoteza kitu. Lakini wiki hiyo mvua ya Novemba, ambayo huku haikawii, ilitusahau. Jua liliwaka siku nne mfululizo, watu wa Bukavu tukaanza kulalamika kama kawaida yetu, mvua ikija tunalalamika, isipokuja tunalalamika.

Jumatano nilitoka shuleni nikapitia kwake. Harufu ya ndizi ilinipokea getini, tamu, nzito, na juu ya shimo vijidudu vidogo vya matunda vilikuwa vinacheza. Nilimwita.

“Papa, zimeiva. Tufungue leo.”

Alikuja, akapiga magoti, akainua kona ya majani, akaingiza pua kama alivyofanya maisha yangu yote. Alikaa hapo muda mrefu.

“Bado,” alisema. “Ni kesho. Tuliandika kesho.”

“Papa, jua limekuwa kali wiki hii. Harufu inafika barabarani.”

“Weye njo mutu wa kunifundisha ndizi? Kesho nimesema.”

Ningeweza kubishana. Nina mdomo, wanafunzi wangu watakuambia. Lakini lilikuwa shimo lake, na pua yake ilikuwa na umri kunizidi, kwa hiyo nilinuna, nikachukua mkoba wangu nikaenda zangu. Kununa kwangu kulinizuia kufikiri, na hilo ninalijutia mpaka leo.

Alhamisi niliomba ruhusa shuleni nikafika asubuhi. Papa aliondoa udongo, akafunua majani, na ile harufu ikanipiga usoni. Haikuwa tena harufu ya utamu. Ilikuwa na ukali wa siki, ule unaokufanya utake kupiga chafya. Ndizi za juu zilikuwa nyeusi, zimepasuka, zinatiririka. Papa alichukua moja, akaisogeza puani, akafumba macho kwa raha.

“Sukari tupu,” alisema.

Hapo ndipo nilipojua. Nilimtazama mzee wangu amepiga magoti pale, uso umejaa furaha ya kuigiza, nikakaa chini kwenye udongo na sketi yangu ya shule. Ile kalenda niliyoisherehekea, zile herufi kubwa, kumbe hakuwa amejifunza kwangu chochote. Alikuwa anatafuta kitu cha kushika.

“Papa,” nilimuuliza, “tangu lini haunusi?”

Aliiweka ndizi chini taratibu. Kwanza alitaka kukasirika, nikaona hasira inapanda, inafika shingoni, halafu ikashuka yenyewe.

“Tangu ile homa,” alisema. “Ile wiki tulimuzika mama yenu. Nililala siku tatu, nikaamka, hakuna kitu. Sabuni, hakuna. Kahawa, hakuna. Mu kinywa ni vilevile, ni kama minakunywa maji ya moto tu.”

“Mbona haukutuambia?”

“Nikisema, mutanitosha kwa shimo, mutanikataza kazi yangu.” Alifuta mikono kwenye suruali, akafuta tena ingawa ilikuwa imeshakauka. “Nguo za mama yenu ziko mu sanduku. Kila siku nazifungula, naweka uso. Hakuna kitu, maman. Hata kidogo.”

Papa ananiita maman tangu nizaliwe, kama wazee wa kwetu wanavyowaita binti zao, lakini siku ile neno hilo liliniingia mahali pengine. Nilimshika mkono tukakaa hivyo pembeni ya shimo, ndizi zinaendelea kuharibika mbele yetu. Nilimhurumia mpaka nikaona aibu kwa kununa kwangu kwa jana.

Hakukuwa na nafasi ya kufukia nyingine. Tulimenya, tukatupa zilizozidi kuiva, tukakamua zilizobaki kwa nyasi kama ilivyo desturi, tukachuja, tukatia maji na unga wa mtama uliokaangwa, tukamimina kwenye mtumbwi na kufunika. Tulifanya kazi bila kusema mengi. Tulipomaliza, akinawa, ndipo aliponipa masharti yake.

“Jumamosi watu watasifu. Hata ikiwa mbaya, watasifu, ile njo heshima. Weye nitakuuliza pembeni. Uniambie kweli.”

Nikamwahidi. Kuahidi ni rahisi mtu akiwa amechoka.

Jumamosi nyumba ilijaa. Wakwe waliingia kwa nyimbo, kila mtu na pagne yake nzuri ya kitenge, na mazungumzo ya ng'ombe na mbuzi yakaenda yalivyotakiwa kwenda, kwa mizaha mingi. Kisha kasiksi ikaletwa. Kwetu mwenye pombe anakunywa kwanza, mbele ya wageni wote, ndipo mgeni anapogusa, ili kila mtu aone kwamba anakunywa kwa usalama. Papa alichukua kibuyu, akavuta kwa mrija, akameza, akatikisa kichwa kama mtu aliyekubaliana na jambo. Mimi peke yangu mle ndani nilijua kwamba kinywani mwake yalikuwa maji tu.

“Karibuni,” alisema.

Wakanywa. Wakasifu. Mkwe mmoja mnene alisema kasiksi ya namna hii siku hizi hakuna, ni chupa tu kila mahali. Baba mdogo alivuta mara mbili, akajifuta mdomo, akamwambia kaka yake kwa sauti ya kusikika na wote, “Yaya, mukubwa wangu, kwa Januari sina tena maneno.” Watu wakacheka, na Papa akacheka pamoja nao.

Nilisubiri zamu yangu, nikaonja. Ilikuwa inanyweka, siwezi kusema ilikuwa sumu. Lakini ilikuwa nyepesi, na ukali wa siki ulikuwa umekaa nyuma ya ulimi hauondoki. Haikuwa kasiksi ya Papa. Nilirudisha kibuyu nikatabasamu kwa mkwe aliyekaa jirani, nikainuka, kwa sababu nilikuwa nimeshamwona Papa anainuka na kunionyesha mlango wa jikoni kwa kidevu.

Nyuma ya jikoni kulikuwa na masufuria na moshi, na kelele za wageni zilitufikia kupitia ukuta. Alisimama karibu yangu sana.

“Iko namna gani?”

Nilikuwa na jibu tayari, na lilikuwa la uongo. Nilikuwa nimelipanga tangu baba mdogo aliposema neno lake. Nani angejua? Neno “tamu” lingetosha, na Papa angepata Januari yake, angempikia mke wake kwa mikono yake kama alivyotaka. Na nikisema kweli, yeye mwenyewe alikuwa ameshatoa hukumu mbele ya familia nzima, nami namfahamu. Nilimwangalia, na nikaona kwamba hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kumwambia kilichomo kwenye kile kibuyu. Nikimdanganya, atabaki peke yake kabisa.

“Imechacha, Papa,” nilisema. “Siyo sana, lakini imechacha. Ni nyepesi, na ina siki nyuma ya ulimi. Tulichelewa siku moja.” Nilijifuta macho kwa mkono. “Unisamehe.”

Upande wa pili wa ukuta mtu aliita jina la ukoo wetu kwa furaha, wakapiga makofi. Nilidhani ataingia ndani sasa hivi kuwaambia wanunue chupa.

“Mama yenu alikuwa anasema hivyo,” alisema hatimaye. “Watu bote banasifu, yeye anakuja hapa jikoni, ananiambia: leo umeharibu, baba. Yeye tu, peke yake. Miaka makumi ine.”

Alikuwa analia, bila kujificha, na alikuwa anatabasamu. Nami nililia. Nilimkumbuka mama yangu kwa uchungu ambao sikuwa nimeusikia tangu mazishi.

“Nilitoa lile neno sababu nilifikiri nikikosa pua, nimekosa yote,” alisema. “Kumbe nilikuwa nakosa mutu wa kuniambia.” Akavuta kamasi, akajifuta kwa kiganja. “Ile yake, mi nitakamua. Weye utanusa. Na ikiharibika, unaniambia hapa hapa, kama yeye.”

“Ndiyo, Papa.”

“Na usilie wakati unaniambia. Yeye hakukuwa analia. Alikuwa ananicheka.”