Filimbi ya Ray Delmar

Orrin Tolliver alikuwa akishinda kiwandani akimimina chuma, jioni akipiga saksafoni kwenye vilabu, na Jumapili baada ya ibada akijifungia bafuni na filimbi yake ndefu ya fedha, maana mkewe hakutaka kuisikia sebuleni. Midomo ya mpiga saksafoni hukazwa, ya mpiga filimbi hulegezwa. Kuhama kutoka moja kwenda nyingine ndani ya wimbo uleule si mchezo, na hapa Detroit sikumjua mwingine aliyeweza.

Mwaka 1956 akarekodi santuri yake ya kwanza, akipiga ala zote mbili. Nina duka la santuri Mtaa wa Hastings, kwa hiyo boksi la kwanza lilifunguliwa kwenye kaunta yangu, yeye amesimama hapo na suti ya kanisani. Alitaka kitu kimoja tu: kuliona jina lake limeandikwa kwa ala zote mbili.

Jalada lilisema: saksafoni, Orrin Tolliver; filimbi, Ray Delmar.

"Delmar ndiye nani?" nikauliza.

"Hata mimi simjui, dada Velma."

Nikampigia simu mwenye kampuni iliyotoa santuri, Bwana Whitcomb. Akacheka. "Nyota wawili wanauza kuliko mmoja, mama. Kwani kapungukiwa nini?"

Mimi naishi kwa kuvutana bei, na uongo wa sokoni naujua. Huu ulinipanda kooni kama maziwa yaliyochacha.

Redio ikaipenda ile filimbi. Haukupita muda, Cleophus Dabney, mwenye klabu ya jirani, akaja dukani. "Nitafutie huyo Delmar. Wapiga saksafoni ninao mpaka jikoni, wanaosha sahani."

"Ni Orrin huyohuyo, Cleo." Nikamwekea santuri. "Umewasikia wakipiga pamoja hata mara moja? Na kila filimbi ikitaka kuingia, sikiliza: tak. Saksafoni inawekwa chini."

Akasikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia yake. "Basi aje. Ila aje kama Delmar. Nitakachobandika mlangoni ni jina la redioni."

Nikamsihi Orrin akatae. "Ukilimeza hili, utazikwa ukiwa unapumua."

"Kiwanda kinanila mapafu, dada. Delmar kapata kazi. Mimi sijapata."

Ijumaa nikaenda klabuni kwa Cleo. Orrin alipanda jukwaani na filimbi tu, nywele zimelazwa kwa mafuta, akapiga vizuri kuliko siku zote. Mlevi mmoja akapaza sauti: "Yule mwenzako wa saksafoni kaenda wapi?"

"Tumemwacha nyumbani," Orrin akajibu. "Alikuwa ananichelewesha."

Ukumbi ukaangua kicheko, naye akacheka nao, meno yote nje. Whitcomb na Dabney nilishawatema. Kile kicheko cha Orrin ndicho kilichonishinda kumeza. Nikasukuma sahani ya kuku wa kukaanga, sijala hata paja, nikatoka.

Santuri ile bado naiuza, kwenye rafu ya Tolliver. Mteja akija kutaka ya Delmar, namwambia sina, na namwacha aende zake na pesa yake mfukoni.