Pointi za Murekatete

Murekatete Verdiane anauza maziwa na fromaji, yaani jibini, hapa Mushaki, kando ya barabara ya Sake kwenda Masisi, na kwa miaka kumi na sita hakuwahi kumaliza asubuhi moja bila mtu kumkumbusha pointi thelathini na nane. Mtu anaomba kikombe, anakunywa nusu, anapangusa povu mdomoni, halafu anaanza. Fainali ya basketi ya vyuo, Goma, mwaka 2009, wasichana wetu na wale wa Bukavu. Na Verdiane, ambaye sasa anakaribia arobaini na magoti yake yamechoka kuliko umri wake, anaendelea kumimina kana kwamba anasimuliwa habari za jirani.

Na kweli zilikuwa habari za mtu mwingine. Hilo nalijua mimi kuliko yeyote, ndiyo maana hadithi hii inanichosha hata kuiandika.

Mimi ni Evode, mwalimu wa shule ya msingi. Wakati ule nilikuwa mwanafunzi kwenye chuo cha ualimu alikosoma Verdiane, na kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri na miguu yangu haikufaa kitu, walinipa kazi ya kuandika pointi. Timu yetu ilikuwa na Murekatete wawili. Kwetu mtoto si lazima aitwe jina la baba yake. Kila mmoja hupewa lake, kwa hiyo watu wasio na undugu wowote hukutana wakiwa na jina moja. Namba saba alikuwa Verdiane, wa hapa Mushaki. Namba kumi na moja alikuwa Joséphine-Marie, wa milima ya juu kule Masisi. Joséphine-Marie alikuwa mchezaji hasa. Verdiane alikuwa na mbio na alijua kumpasia.

Siku ya fainali Joséphine-Marie alifunga thelathini na nane. Verdiane alifunga mbili. Mechi ilipoisha, mtu wa redio alikuja mezani kwangu mbio mbio kuomba matokeo, nami nikamwandikia kwenye kikaratasi: Murekatete, 38. Sikuweka jina la ubatizo wala namba. Redio ikasoma kama nilivyoandika, na Mushaki nzima, ambayo ilimjua Murekatete mmoja tu, ikaruka kwa furaha. Verdiane alipofika nyumbani alikuta wameshachinja mbuzi.

Alikana. Alikana miaka miwili mizima. Wakasema ana adabu, hataki makuu. Akakana tena, wakasema anaogopa kijicho cha watu. Akaja kwangu niwaeleze, nami nikamwambia, dada, achana nao, watasahau. Nilikuwa naona haya kukiri kwamba kosa ni langu. Hawakusahau, naye akachoka, akanyamaza, na watu wakadhani amekubali.

Joséphine-Marie alienda kufundisha Hombo. Huko homa ikamchukua kabla hajafikisha miaka thelathini. Habari ilitufikia kwa kuchelewa. Verdiane alilia siku tatu, na siku ya nne mtu akaja kununua maziwa na kumkumbusha pointi zake.

Kadiri miaka ilivyopita, hadithi ikanenepa. Kanamugire, mfugaji, huapa kwamba alikaa mstari wa mbele uwanjani, wakati sote tunajua siku ile alikuwa milimani akitafuta ng'ombe aliyepotea. Hata vita havikuipunguza. Tumekimbia mara mbili na kurudi mara mbili, mabati yameibwa, nusu ya ng'ombe wamekwisha, lakini zile pointi tulienda nazo na kurudi nazo. Zilinikera, na bado niliwaelewa. Hawakuwa na furaha nyingine nyepesi ya kubeba.

Mwezi uliopita Gentil, dereva wa pikipiki, alisimama hapo kwa Verdiane na abiria. Alikuwa mama mzee mwenye furushi moja, Mama Mukagasana, anarudi kwao baada ya miaka miwili ya kulala chini ya turubai karibu na Goma. Mimi na Kanamugire tulikuwa tumekaa kwenye benchi. Gentil alimpa mama kikombe, halafu, kama ilivyo kawaida yake, akaanza kumtangaza Verdiane. Alipofika kwenye shuti la mwisho aliruka pale pale vumbini, mkono wa kulia juu.

Mama mzee aliweka kikombe chini.

"Murekatete wa basketi?" akauliza. "Ile jina njo ya mutoto yangu. Naye alikuwaka anacheza kule ku chuo."

Gentil akamwambia kwa upole kwamba labda alikuwepo mwingine, wa akiba. Mama hakubisha. Alisema siku ile redio yao haikuwa na betri, na binti yake aliporudi likizo alimwambia neno moja tu, kwamba walishinda. Tangu amzike amekuwa akitafuta mtu aliyemwona akicheza. Picha zake zote ziliungua pamoja na nyumba. Akamgeukia Verdiane, akamuuliza kama yeye, kwa kuwa alikuwa hodari hivyo, aliwahi kumwona Joséphine-Marie uwanjani.

Verdiane alikuwa na jagi mkononi. Akalitua, akanitazama mimi. Nilijua ananiomba nini. Kama ningenyamaza tena, yule mama angepanda pikipiki na kwenda kumalizia uzee wake akiamini mtoto wake alikuwa wa akiba.

Lakini Verdiane hakunisubiri. "Mama," akasema, "ile mapointi haikuwa yangu. Ilikuwa yake. Miye nilikuwa namupatia mupira tu."

Kanamugire akacheka, akasema adabu ya huyu mwanamke sasa imezidi. Ndipo nikasimama. Niliwaambia nilichoandika na nilichoacha kuandika. Maneno hayakunijia vizuri. Nilisema thelathini na nane zilikuwa za Joséphine-Marie, namba kumi na moja, na kwamba mimi nilikuwa mwoga. Kanamugire aliniita jina ambalo mwalimu haitwi mbele za watu, na nilistahili.

Mama Mukagasana hakuwa na haja na aibu yangu. Alimwomba Gentil arudie lile shuti. Gentil, ambaye hakujua tena aangalie wapi, akaruka shingo upande, mkono wa kulia juu. Mama akainuka, akamshika ule mkono, akaushusha, akauinua ule mwingine.

"Alikuwaka wa mukono ya kushoto," akasema.

Kisha akataka mechi yote, tangu filimbi ya kwanza. Wakampa yote, pamoja na uongo wao wa miaka kumi na sita, na safari hii Kanamugire alikaa mstari wa mbele akimtazama Joséphine-Marie. Sikuwasahihisha. Verdiane aliwajazia vikombe bila kuombwa, na hakuna aliyemwangalia. Wakati wa kuondoka mama alimkumbatia kwa muda mrefu, akamwita mtoto wake.

Kesho yake nilikaa tena hapo kwenye benchi. Gentil alikunywa maziwa yake, akashukuru, akaenda. Kanamugire vilevile. Asubuhi nzima ikaisha bila pointi hata moja. Nilimwona Verdiane ameketi, magoti ameyanyoosha, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilifurahi kwa ajili yake. Kisha nikaona kwamba anafuta jagi lililokwisha kukauka zamani.

"Kaka Evode," akasema, "ile siku miye nilifungaka ngapi?"

Karatasi yangu ya pointi naikumbuka mstari kwa mstari, hata mbili za namba saba. Nilitazama barabara kidogo.

"Nne," nikasema.

Alizitafuta kichwani zile mbili nyingine. Halafu akainuka polepole, akanimiminia kikombe.