Upinde Usiovuliwa Kamba

Kabla sijamsema mtu mwingine nijiseme mwenyewe, maana nikiwaachia wengine wataharibu. Naitwa Swaka. Shule niliiacha darasa la sita kule kambi ya wakimbizi Uganda, lakini hata mwalimu alikuwa akiniuliza mimi mambo ya dunia. Hapa mtaani kwetu Hai Malakal hakuna jambo ambalo sijalifanya, na lile ambalo sijalifanya nimelieleza. Hata hivyo habari hii si yangu. Ni ya Teresina, mtoto wa dada yangu, na ya namna tulivyomtendea, mimi na rafiki yangu wa blanketi moja.

Teresina ni fundi cherehani. Ana miaka thelathini na sita na watoto wawili. Mume wake alienda mjini Wau mara moja tu, na mpaka leo bado anaenda. Cherehani yake iko chini ya kibanda cha mabati mbele ya nyumba, na ana jicho baya: ukipita na suruali iliyoshonwa ovyo, anaitazama mpaka unajisikia uchi. Baba yake, marehemu Lodu, alikuwa mpiga upinde. Tulipokimbia vita, upinde wake uliungua pamoja na nyumba, na yeye mwenyewe akaja kuzikwa ugenini. Teresina hakubaki na kitu cha baba yake isipokuwa pua.

Mwaka jana alipeleka sare za kwaya kanisani kule mtaa wa New Site, akakuta watu nyuma ya kanisa wanarusha mishale kwenye magunia yaliyojazwa majani makavu. Alisimama pale mpaka wanakwaya wakamtuma mtu kumtafuta. Wiki iliyofuata alirudi bila sare.

Kiongozi wa kikundi ni Lubega, Mganda mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mpole anayetoa maneno kana kwamba anahesabu misumari. Uwanja wao ni mwembamba, ukuta wa kanisa huku, choo cha jirani mkali kule, kwa hiyo mstari una nafasi kumi na mbili tu. Anayeanza huazimwa upinde kwa miezi mitatu. Ikiisha, aje na wake, au nafasi apewe anayengoja. Na wanaongoja ni wengi.

"Mama, ya kwanza usitafute ya nguvu sana," Lubega alimwambia. "Vuta mpaka kwa shavu, shika hapo, taja majina ya watoto ya wewe na watoto ya jirani, pole pole. Mkono ikitetemeka, wacha. Hiyo iko ya mtu mwingine."

Niliposimuliwa hayo nilicheka mpaka chai ikanipalia. Majina ya watoto!

Katika ukoo wetu upinde wa kwanza huchaguliwa na ndugu wa mama, na ndiye anayeufunga kamba kwa mkono wake mara ya kwanza. Kwa hiyo Teresina alikuja kwangu.

"Khal," aliniita, ndivyo tunavyomwita mjomba hapa, "miezi yangu inaisha Jumamosi. Njoo unichagulie."

"Nilikuwa nashangaa. Unamsikiliza muuza misumari wakati nyumbani una bingwa."

"Ndiyo maana nimekuja kwa bingwa."

Hakuwa ananitania. Hilo ndilo linaloniuma. Tangu akiwa mtoto kambini, tukilala na njaa, nilimsimulia jinsi nilivyompiga kanga angani kwa mshale mmoja, akiwa anaruka, jua likiwa machoni mwangu. Nilisimulia vizuri mpaka mimi mwenyewe nasikia harufu ya mchuzi wake.

Anayechonga pinde nzuri hapa ni Ezbon, kule nyuma ya kambi ya jeshi ya Bilpam. Kambini tulilala blanketi moja miaka saba. Alipougua malaria nilimbeba mgongoni mpaka zahanati. Nilipobatizwa alisimama nami. Na kila mahali panapouzwa chai nimewaambia watu kwamba kuchonga nilimfundisha mimi. Nililisema hata yeye akiwa ameketi palepale, na yeye alikuwa akikoroga tu sukari yake. Nikadhani ule ukimya ni kukubali.

Kwa malipo Ezbon alitaka suti, kwa sababu binti yake anaolewa. Teresina alimshonea ya kijivu, yenye bitana. Bega la kushoto alilifumua mara tatu. Ukimwambia hakuna atakayeliona, anakuuliza wewe umelionaje.

Tulipofika kwa Ezbon, pinde tano zilikuwa zimeegemezwa ukutani bila kamba, zimenyooka kama fimbo. Wa sita ulining'inia peke yake ndani, kamba ikiwa juu yake, mweusi kwa mafuta, mshikio umevishwa ngozi ya mbuzi. Teresina akaenda moja kwa moja kwa mmoja mweupe, usio na pambo lolote. Ezbon akaufunga kamba. Teresina akavuta mpaka shavuni, akataja watoto wake, akataja wa jirani, na jirani yetu ana tisa. Mkono ulitulia.

"Huu," alisema.

Niliutoa mkononi mwake. "Huu ni wa kufukuzia kuku. Mtoto wa Lodu ataenda mbele ya watu na ufagio?"

"Mwalimu achague," Ezbon alisema.

Aliniita mwalimu. Badala ya kuogopa, nilifurahi.

Niliushusha ule mweusi. Nikaigonga kamba kwa kidole karibu na sikio, kama nilivyowaona watu wakifanya. Nikatikisa kichwa taratibu. Teresina akaujaribu.

"Khal, mbona ni laini? Unavutika kuliko ule."

"Umekomaa. Ule mweupe bado una hasira ya porini."

Ezbon alikuwa amekunja mikono. "Mwalimu hana swali?"

"Nikuulize wewe niliyekufundisha?"

Alikunjua mikono, akauchukua upinde. Kisha akaufunga ndani ya gunia, na kamba yake juu. Teresina akanikumbusha kwamba kufunga kamba ni kazi ya mjomba. Nikamwambia kamba imeshafungwa, kazi imeisha, twende tukale.

Jumamosi asubuhi alisimama kwenye mstari. Nami nilikuwepo, nimevaa kofia. Mshale wa kwanza ulianguka katikati ya njia, kama mtu aliyechoka akaamua kukaa. Wa pili ukakaa karibu na wa kwanza. Wa tatu nilitazama ukuta wa kanisa.

Lubega akaja, akauchukua ule upinde, akaukandamiza, akaivua kamba. Upinde ulio hai ukivuliwa kamba hunyooka. Huu ulibaki vilevile umejikunja, kana kwamba kuna mtu asiyeonekana anauvuta.

"Hii wamewachia kamba miaka mingi, mchana na usiku," alisema. "Imekufa, mama. Ukivua kamba tu unaona. Nani alichagua?"

Teresina hakuninyoshea kidole. Watu wakatazama kule ambako yeye hakutazama.

"Nafasi nashika mpaka saa kumi," Lubega akamwambia. "Kisha inabidi niite mwingine. Malesh, pole."

Tulipanda boda moja, yeye katikati, mimi nyuma na ile maiti begani. Tukamkuta Ezbon uani mwake, amevaa suti, mke wake anamshikia kioo.

"Ezbon," nilisema, "tulilala blanketi moja."

"Tulilala."

"Na umenipa mzoga."

"Ulitakiwa kusema neno moja tu. Vua kamba nione. Watoto wanaokuja hapa husema hivyo hata kabla ya salamu. Nilikuuliza kama una swali."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua. Niliutundika pale kwa ajili yako." Sauti yake haikupanda. "Miaka yote unawaambia watu ulinifundisha. Aliyenifundisha ni Lodu, baba yake huyu. Wewe ulikuwa unakaa kando unangoja nyama. Hata yule kanga unayemsimulia, Swaka, nilikuwepo. Lodu ndiye aliyempiga."

Mke wa Ezbon akakishusha kioo.

"Kanga alikuwa wa baba?" Teresina aliniuliza.

"Nilimbeba," nikasema. "Kutoka porini mpaka nyumbani nilimbeba mimi."

Alinitazama kama anavyotazama mshono mbaya, ila safari hii hakuwa na hamu ya kuufumua. Kisha akamgeukia Ezbon.

"Na mimi? Mimi nilikudanganya lini?"

"Nilingoja yeye aukatae, nikupe ule mweupe. Hakuukataa."

"Ukaufunga kwenye gunia. Ukaniacha niende."

Ezbon akaanza kuvua koti.

"Vaa," Teresina alisema. "Bega limekaa vizuri."

Akauchukua ule upinde mweupe ukutani. Akafumba jicho moja, akautazama kwa urefu kama anavyotazama pindo. Akaweka ncha moja chini, akapitisha mguu, akaukunja, akafunga kamba mwenyewe. Mkono wangu ulikuwa umeshanyoshwa kupokea. Ulibaki hewani, nikautumia kufukuza nzi.

Saa kumi haikuwa imefika tuliporudi New Site. Mshale wa nne uliingia kwenye gunia mpaka nusu, na nafasi ikabaki yake. Alipomaliza akaivua kamba, akaizungusha vidoleni, akaitia mfukoni.

"Twende, Mzee Swaka," alisema.

Si Khal. Mzee Swaka, kama anavyomwita mteja anayekuja kuchukua suruali.

Ezbon sijamsalimu mpaka leo. Harusi ya binti yake nilisikia ngoma tu. Anijue miaka yote hiyo, halafu achague kunipiga kupitia mtoto wa dada yangu, hilo sitalimeza. Watu wananiambia nilianza mimi. Labda. Lakini mimi nilikuwa nadanganya kwa kelele, kila mtu angeweza kunikatiza.

Teresina huniletea chakula Jumapili, hajaacha. Anaketi, anangoja nimalize, kisha anasema, "Haya, niambie ya kanga. Anza na baba."

Basi naanza na Lodu. Lodu alisimama, Lodu alivuta, jua lilikuwa machoni mwa Lodu. Nikijitoa mimi, habari inakwisha kabla chai haijapoa, na yeye anaondoka na sahani yake.