Firigisi ya Kaka

Nafundisha fasihi katika shule moja ya sekondari mjini Kakamega, na muhula ule tulikuwa tukisoma riwaya ya zamani kuhusu vibarua wa mashambani. Niliwauliza wanafunzi kuhusu dhamira ya upweke. Walijibu vizuri mno: vibarua wale ni wapweke kwa sababu hawana familia wala makao. Nikawapa alama zao zote, kisha nikakasirika, wala sikujua nimemkasirikia nani.

Jumamosi nikaenda Kabras kumwona kaka yangu mkubwa. Yeye ni mkata miwa. Kila mkataji hupewa mstari wake, na kwa vile miwa ni mirefu, mtu anaweza kushinda akisikia mapanga ya wenzake bila kuona uso wa yeyote. Tangu mkewe afariki na watoto watawanyike kutafuta kazi, hata nyumbani kwake hakuna uso. Nilikwenda nimeazimia jambo moja tu: kumtoa pale, aje tukae naye kwangu.

Alinichinjia kuku, akampika, akasonga mwenyewe obusuma, ugali wa kwetu. Tulipoketi kula, akachukua firigisi akaiweka kwenye sahani yangu.

Nilishtuka. Kwetu firigisi ni ya mwanamume mwenye nyumba. Mama aliipakua kwanza, akampelekea baba, na sisi wasichana hatukuthubutu hata kuionja. Kaka huyuhuyu aliwahi kunizaba kofi kwa kufunua chungu niitazame tu.

"Kaka, hii ni yako."

"Hiyo inakulwanga na mwenye boma," alisema. "Sasa hapa boma iko wapi? Kula, dada yangu. Nani atakuona?"

Nikamwambia twende kwangu, chumba kipo, mume wangu amekubali. Alicheka, akaniuliza kama nimewahi kuona mwanaume mzima akilishwa na shemeji yake. Nilijua watu wa kwetu wangemcheka, na nilijua afadhali kwake afe kuliko kuchekwa. Roho iliniuma.

Basi nikala. Ilikuwa ngumu kidogo, na chumvi imekolea. Nilitafuna polepole nikimtazama, nikiomba moyoni anikaripie, hata anizabe kofi kama zamani.

Akanisogezea mchuzi.