Ng'ombe Aliwekwa Rehani, Maziwa Hayakuwekwa

Naikumbuka vizuri asubuhi niliyoingia dukani kwa mzee Salat, hapa Isiolo mjini, nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba anakunywa maziwa yangu bila ruhusa. Wewe, mjukuu wangu, jana ulininong'oneza kama mwizi kwamba una deni la kadi ya benki, na kwamba benki nyingine iko tayari kulibeba, miezi kadhaa bila riba. Ukaniuliza kama ni aibu kuhamisha deni. Kaa hapo. Aibu niliimaliza mimi kabla hujazaliwa.

Ilikuwa miaka ya sabini. Vita na ukame vilikuwa vimetumalizia mifugo, tukaja mjini kutoka upande wa Sericho na ng'ombe mmoja tu, Dimtu, jina ambalo kwa Kiborana ni nyekundu. Babu yako alikuwa akichukua unga, sukari na majani ya chai kwa Salat kwa deni. Deni lilipokua, Salat akataka rehani, na babu yako akampelekea Dimtu bila kuniuliza. Walikubaliana kwamba ng'ombe akae kwa Salat mpaka deni liishe, na maziwa yawe malipo ya kumtunza. Basi Salat akanywa, akauza yaliyobaki, na deni likakaa pale pale mwezi baada ya mwezi. Mtoto wangu mdogo alikuwa akinywa strungi, ile chai isiyo na maziwa, na nywele zake zikaanza kubadilika rangi kwa utapiamlo. Hapo ndipo nilipochoka kunyamaza.

Kwetu Waborana ng'ombe anaweza kuwa wa mwanamume, lakini maziwa ni ya mwanamke. Ndiye anayekamua na ndiye anayegawa. Salat alilijua hilo kama ninavyolijua mimi.

“Salaam aleikum, mzee Salat,” nikamwambia. “Nani alikupa maziwa ya Dimtu?”

“Aleikum salaam. Bwana yako alileta ng'ombe mwenyewe. Hiyo ni maneno ya wanaume, mama.”

“Ng'ombe alileta. Maziwa si yake, atakupa aje? Na kama unakunywa kila siku, mbona deni haipungui? Hiyo si riba?”

Wateja wakageuka kumtazama. Salat alikuwa mtu wa kuswali safu ya mbele, na neno hilo lilimchoma.

“Leta pesa yangu, chukua ng'ombe yako,” akasema.

Nikamjibu kwamba nitaleta. Sikuwa na hata ndururu, lakini nilitoka na kichwa juu.

Nilienda moja kwa moja kwa Mama Kendi, mwanamke wa Kimeru aliyekuwa na hoteli ya chai karibu na soko la mifugo. Kila siku alilia kwamba maziwa hayamtoshi. Nikamwomba alilipe deni la Salat, halafu nimlipe yeye. Akapanguza mikono kwanza.

“Nitalipa, na sitaongeza kitu juu,” akasema. “Lakini maziwa ya wiki ya kwanza ni yangu bure. Baada ya hapo, ukishamtolea mtoto yake, nusu nakulipa, nusu nakata kwa deni. Mvua ndefu ikianza kama hujamaliza, ng'ombe ni yangu. Usikuje kunililia hapa.”

Masharti makali, lakini yalikuwa na mwisho. Ya Salat hayakuwa nao. Jioni hiyo Dimtu alirudi bomani.

Babu yako alifoka. “Umenitoa nguo mbele ya watu! Sasa watasema nadaiwa na wanawake!”

“Waseme,” nikamwambia. “Mtoto atashiba maziwa, wewe utashiba maneno yao.”

Sasa sikiliza sehemu hii, kwa maana hapa ndipo watu wengi huangukia. Haukupita muda, Salat akatuma salamu kwamba duka liko wazi na tuchukue tunachotaka, hatudaiwi tena. Na ndugu wa babu yako alikuwa anaoa. Babu yako akataka sukari ya harusi na leso mpya kwa ajili yangu, kwa deni. Nikarudi dukani.

“Mzee Salat, ukimpa bwana yangu hata kijiko cha sukari kwa deni, utadai kaburi lake. Kwa boma yangu usikanyage.”

Harusini nilienda na leso iliyochanika na kibuyu cha maziwa. Mashemeji walinicheka waziwazi. Iliniuma, sitakudanganya. Nikaimba kwa sauti kuliko wote.

Kiangazi kikakaza, maziwa yakapungua, na mawingu yakaanza kujikusanya na deni bado. Nikawa naosha sufuria kwa Mama Kendi ili akate zaidi. Siku moja babu yako akanikuta pale, mikono imejaa masizi. Kesho yake akaenda kubeba magunia sokoni, na jioni akaniwekea mkononi alichopata, kisha akafanya hivyo kila jioni. Mvua iliponyesha, Dimtu alikuwa amelala bomani kwangu, na hakuna mtu aliyemdai.

Kwa hiyo hamisha deni lako, mwanangu, na usiinamishe kichwa. Lakini waulize wanakata nini mwanzoni, na siku gani huruma yao inaisha. Gawanya deni kwa hiyo miezi, ulipe kila mwezi kama mtu anayefukuzwa. Usinunue hata kiberiti kwa kadi mpya. Na benki ya ile kadi ya zamani watakapokurudia na tabasamu kama Salat, ilete kadi hapa, mkasi ninao. Marafiki wakikucheka kwa viatu vyako, wacheke.

Yule mtoto wa strungi ni mama yako. Na maziwa yaliyo kwenye chai unayokunywa sasa yametoka kwa ng'ombe wa uzao wa Dimtu. Maliza kikombe. Mungu akupe nyumba isiyokosa maziwa, na mlango ambao ukibishwa hodi hutaogopa kuufungua.